Maonyesho ya Wapenda Ufundi

Wazee wetu walisema kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli sokoni, na kila mtu aliyepata kununua kitu kwa kuvutwa na makelele ya mwuzaji, kisha akajuta nyumbani kwake, ni shahidi wake. Lakini ukiichukua kuwa sheria ya mambo yote, msomaji, itakupotosha. Itakuambia kwamba mtu mwenye kazi nzuri ya mikono yake yampasa kukaa kimya mpaka ulimwengu umfuate mlangoni. Historia ya ufundi haikubaliani na shauri hilo. Kazi nyingi njema zilikufa pamoja na wenyewe kwa kuwa hazikuonyeshwa, na nyingi zenye kasoro zilitengenea kwa sababu zilitolewa hadharani zikaulizwa maswali.

Katika insha hii nataka kukueleza habari za maonyesho ya namna moja. Si shoo za kilimo, ambako ng'ombe na mahindi hushindania nishani. Wala si maonyesho ya biashara, ambako makampuni hutafuta wanunuzi. Ni mikutano ya watu waundao vitu kwa mapenzi: karani aundaye injini ya mvuke jioni atokapo afisini, mwanafunzi aliyefungua redio mbovu ili ajue sauti hutoka wapi, mhunzi aliyepata njia mpya ya kukunja bati. Katika maonyesho hayo kitu hakikai peke yake nyuma ya kioo. Mwenyewe husimama kando yake, na mgeni awaye yote ana haki ya kumwuliza: Umekifanyaje? Kwa nini ukafanya hivi, wala si vile? Kikiharibika, hutengenezwaje? Haki hiyo ya kuuliza na wajibu huo wa kujibu ndio moyo wa jambo zima. Nitakusimulia jinsi moyo huo ulivyokua mahali mbalimbali hata ukafika kwetu.

Tuanze katika mji wa London mwaka 1851. Katika bustani ya Hyde Park ilijengwa nyumba kubwa ya chuma na vioo, watu wakaiita Jumba la Kioo. Aliyeibuni, Joseph Paxton, alikuwa mtunza bustani aliyezoea kujenga vibanda vya vioo vya kukuzia mimea. Tokea Mei hata Oktoba mataifa yalileta humo vitu vyao, jumla yapata 100,000, na watu walioingia walihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 6. Katika baadhi ya siku za juma kiingilio kilishushwa hata shilingi moja, ili wafanya kazi nao waweze kuingia, nao wakaja kwa magari ya moshi kutoka miji ya mbali.

Miongoni mwa waliokuja kuonyesha alikuwa fundi wa kufuli kutoka Marekani, jina lake Alfred Charles Hobbs. Wakati huo Waingereza walijivunia kufuli mbili zilizosemwa kuwa hazifunguki ila kwa ufunguo wake: moja ya Chubb, na moja ya Bramah. Ya Bramah ilikuwa imewekwa dirishani mwa duka katika mtaa wa Piccadilly, pamoja na tangazo la kumwahidi gini 200 mtu yeyote atakayetengeneza chombo cha kuifungua. Zaidi ya miaka hamsini ilipita bila ya mtu kuzipata fedha hizo. Hobbs aliifungua kufuli ya Chubb mbele ya mashahidi kwa muda wa dakika 25 hivi. Kisha akaiendea ile ya Bramah. Alishughulika nayo kwa saa 51 zilizogawanyika katika siku 16, nayo ikafunguka.

Fikiri, msomaji, hasira iliyozuka. Wengine walisema kwamba Hobbs amewafundisha wezi, na kwamba mambo kama haya heri yafichwe. Jibu lililoandikwa katika kitabu chake cha mwaka 1853 lilikuwa kwamba wezi huijua kazi yao tayari. Wasiojua ni wenye mali, nao ndio wanaodhurika kwa kufichwa ukweli. Wenye viwanda hawakuwa na la kufanya ila kutengeneza kufuli bora kuliko zile za kwanza. Naye Hobbs hakusalimika: miaka michache baadaye kufuli ya kiwanda alichokianzisha yeye mwenyewe London ilifunguliwa na mfanya kazi wa Chubb. Haya ndiyo matunda ya kuonyesha. Kitu kilichokaa dirishani miaka hamsini kikisifiwa hakikumfundisha mtu neno. Kilipotiwa mikononi mwa mwenye kukijaribu kwa saa 51, ufundi wote wa kufuli ulisogea mbele.

Hata hivyo Jumba la Kioo lilikuwa, kwa sehemu kubwa, la wenye viwanda. Mtu wa kawaida aliingia kutazama kuliko kuonyesha. Mabadiliko yalikuja taratibu. Mwezi Januari mwaka 1898 Mwingereza aitwaye Percival Marshall alianzisha jarida la watu waliounda mitambo midogo kwa kuiga mikubwa. Walikuwa makarani, waganga, walimu na mafundi, na karakana zao zilikuwa vyumba vya nyuma vya nyumba zao. Mwaka huo huo chama chao kilianzishwa London, na mwaka 1907 yakafanyika maonyesho yao ya kwanza. Hapo mtu asiye na kiwanda wala kampuni alipata meza yake, akaweka juu yake kazi ya jioni zake mia mbili au mia tatu, akasimama.

Usidhani kwamba kuunda kitu kidogo ni mchezo wa kitoto. Ukipunguza urefu wa kitu kwa nusu, eneo la uso wake hupungua likawa robo, na ujazo wake hupungua ukawa thumuni. Kwa hiyo bila dogo la maji hupoteza joto upesi kuliko kubwa, na mambo yanayowezekana katika gari la moshi la kweli huweza kushindikana katika mfano wake. Kwa sababu hiyo uliwahi kutokea ubishi mkali baina ya wapenda ufundi hao katika miaka ya 1920. Swali lilikuwa hili: je, injini ndogo ipitayo juu ya reli zilizoachana kwa inchi mbili na nusu tu, yaani kiasi cha sentimita 6, yaweza kuchoma makaa ya mawe na kumvuta mtu mzima? Wataalamu wenye sifa walikana. Walisema kwamba kwa udogo ule yafaa spiriti tu. Mpenda ufundi mmoja aliyetia sahihi maandishi yake kwa herufi LBSC alishikilia kwamba yawezekana, naye alikuwa ameunda injini aliyoiita Ayesha. Maneno yalipigwa katika majarida kwa muda mrefu, kila upande ukiwa na hesabu zake. Mwaka 1924 jambo lililetwa mbele ya hadhara. Reli zilitandikwa, moto ukawashwa, na Ayesha akavuta watu. Ubishi wa kalamu, ambao ungeweza kuendelea hata leo, ulimalizwa na makaa na mvuke mbele ya macho ya watazamaji.

Sasa tuvuke bahari ya Atlantiki, na tuvuke pia nusu karne. Tarehe 5 Machi mwaka 1975, katika mji wa Menlo Park, California, watu wapatao thelathini walikutana ndani ya gereji ya mwenzao. Kilichowakutanisha kilikuwa kompyuta iitwayo Altair 8800. Mpaka wakati huo kompyuta ilikuwa mali ya serikali, ya chuo kikuu au ya kampuni kubwa. Hii ilitangazwa katika jarida mwezi Januari mwaka huo, ikauzwa vipande vipande kwa bei isiyofika dola 400, na mnunuzi akaiunganisha mwenyewe. Haikuwa na vibonye vya herufi wala kioo cha kutazamia. Usoni pake palikuwa na safu za swichi na vitaa vidogo, na hayo ndiyo yote. Mtu alipomaliza kuiunganisha, swali lililomkabili lilikuwa: sasa itafanya nini?

Mwezi Aprili mwanachama mmoja, Steve Dompier, aliileta Altair yake mkutanoni. Aliweka karibu nayo redio ndogo, akaanza kuingiza amri kwa kuinua na kushusha swichi, moja baada ya moja. Kabla hajamaliza, waya wa umeme ulikwazwa na watu waliokuwa wakipita, na kazi yote ikafutika. Akaanza upya. Alipomaliza, redio ile iliimba wimbo mzima, noti kwa noti. Kompyuta yenyewe haikuwa na chombo chochote cha sauti. Bali Dompier alikuwa amegundua kwamba inapofanya kazi hutoa mawimbi yanayoivuruga redio iliyo karibu, akazipanga amri zake hata mvurugo ukawa muziki. Watu walisimama wakashangilia. Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko wimbo: aliandika maelezo yakachapishwa, ili kila mwenye Altair apate kufanya vivyo hivyo.

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya chama kile. Mikutano ilikuwa na saa ya watu wote kusikiliza, na saa ya kila mtu kumwendea aliyemtaka, kumwuliza au kumpa. Kijana mmoja mwenye haya, Steve Wozniak, alikuwa akigawa bure michoro ya kompyuta aliyoibuni. Mwezi Aprili mwaka 1977 yalifanyika San Francisco maonyesho ya kompyuta yaliyotayarishwa na Jim Warren, yakahudhuriwa na watu zaidi ya 12,000 kwa siku mbili. Humo Wozniak na wenzake walionyesha kwa mara ya kwanza kompyuta ya Apple II, ambayo mtu asiyejua kuunganisha waya aliweza kuinunua na kuitumia. Tokea gereji ya watu thelathini hata ukumbi ule ilikuwa miaka miwili na mwezi mmoja na siku chache.

Hapa yawezekana umekwisha kuniuliza moyoni: je, mwenye kuonyesha haibiwi? Swali lako ni la haki, na sitalipita kimya. Katika mwaka 1976, wakati michoro na programu zilipokuwa zikipita mikono kwa mikono bila malipo, kijana Bill Gates, ambaye pamoja na mwenzake waliiandikia Altair programu ya kuuza, alitoa barua ya wazi kwa wapenda ufundi. Alilalamika kwamba wengi wanatumia programu yake pasipo kuilipia, akauliza nani ataweza kufanya kazi ya ustadi bila ujira. Wapo waliomkubali na wapo waliomkasirikia. Wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli: Wozniak alijenga kwa kugawa, na Gates alijenga kwa kutoza, lakini kila mmoja aligawa au alitoza kilicho chake. Aliyekosa ni yule aliyegawa kilicho cha mwenziwe.

Na ubishi huu si wa kompyuta tu. Mwaka 1873 mji wa Vienna ulipotaka kufanya maonyesho ya mataifa, wavumbuzi wengi wa nchi za kigeni walisita kupeleka vitu vyao, wakihofu kwamba wataigwa wasiwe na pa kushitakia. Serikali ya huko ililazimika kutunga sheria maalumu ya kuwalinda kwa muda wa maonyesho. Mazungumzo yaliyoanzia hapo yalizaa Mapatano ya Paris ya mwaka 1883 juu ya haki za wavumbuzi katika mataifa, na Kenya ikajiunga nayo mwaka 1965, baada ya kupata uhuru. Basi sheria za hataza, yaani hati ya serikali imlindayo mvumbuzi, zilikua pamoja na maonyesho. Ukiwa na jambo jipya kabisa ambalo unataka kulifanyia biashara, liulizie afisi inayosajili uvumbuzi kabla ya kuliweka mezani, kwa sababu katika nchi nyingi kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani huenda kisihesabiwe tena kuwa kipya. Kinga ni bora kuliko tiba. Lakini usiifanye hofu hiyo kuwa bwana wako, kwani mficha uchi hazai.

Turejee sasa kwetu. Jijini Nairobi, katika Kamukunji na Gikomba, nyundo hulia tangu asubuhi hata jioni. Mapipa yaliyotupwa hugeuka masanduku, mabati hugeuka majiko na karai, na vyuma vikuukuu hugeuka toroli. Watu hao waliitwa jua kali kwa kuwa wengi wao walifanya kazi nje pasipo paa. Kwa muda mrefu serikali na wataalamu hawakuwahesabu, mpaka ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 juu ya Kenya ilipotangaza kwamba kazi za namna hii ni sehemu ya kweli ya uchumi wa nchi, wala si aibu ya kufukuzwa na askari.

Waweza kusema kwamba Kamukunji ni maonyesho ya kila siku. Vitu vimepangwa barabarani, na mwenyewe yupo kando yake. Ni kweli, lakini sikiliza maswali ya wapitao. Mgeni wa Kamukunji huuliza, "Bei gani?" Hamwulizi fundi kwa nini mkunjo wa bati uko hapa wala si pale, wala fundi hana nafasi ya kumweleza. Tena jirani yake anatazama, na jambo jipya la leo laweza kuwa la mtaa mzima baada ya juma moja. Fundi hujifunza kunyamaza. Ujuzi mwingi umelala ndani ya vichwa vya watu hao, na wengine wameuchukua mpaka kaburini.

Kwa hiyo ilikuwa habari njema wakati maonyesho ya wapenda ufundi yalipofika katika bara letu. Mwaka 2005 Dale Dougherty alikuwa ameanzisha Marekani jarida liitwalo Make, na mwezi Aprili mwaka 2006 akafanya katika mji wa San Mateo, California, maonyesho yaliyoitwa Maker Faire, yaliyovuta watu wapatao 20,000. Kampuni iliyoyaendesha ilifunga shughuli zake mwaka 2019, kisha kazi ikashikwa na kampuni nyingine, na maonyesho ya jina hilo yameendelea katika miji mingi ya dunia. Wapenda ufundi wa Afrika hawakungoja kuletewa. Mwezi Agosti mwaka 2009 walifanya yao mjini Accra, Ghana, wakayaita Maker Faire Africa. Mwaka 2010 yakafanyika Nairobi, katika Chuo Kikuu. Mwaka 2011 Cairo, na mwaka 2012 Lagos. Katika uwanja wa namna hii mhunzi na mwanafunzi wa uhandisi huweza kusimama meza kwa meza, na mmoja kumwuliza mwingine swali ambalo pengine hangethubutu kuliuliza mahali pengine.

Maonyesho ya Lagos yana mafundisho ambayo kila mwanafunzi wa sayansi yampasa kuyajua. Wasichana wanne wa shule, watatu wa miaka 14 na mmoja wa miaka 15, walionyesha jenereta waliyosema kwamba lita moja ya mkojo huiendesha kwa saa sita. Umeme ulitumiwa kuuvunja mkojo na kuitoa haidrojeni. Haidrojeni ikasafishwa, ikakaushwa, ikapelekwa katika jenereta ikaungua. Picha zao zilienea duniani kwa siku chache, na wengi wa waliozieneza waliandika kwamba shida ya umeme wa Afrika imepata dawa.

Ndipo swali likaja kutoka kwa watu wa sayansi: ni umeme kiasi gani unaoingia, na ni kiasi gani unaotoka? Ukiyavunja maji kwa umeme, kisha ukaichoma haidrojeni yake, huwezi kupata zaidi ya ulichotia. Hiyo ni sheria ya maumbile isiyo na rushwa. Mkojo una urea, ambayo kwa hesabu huvunjika kwa umeme mdogo kuliko maji, na watafiti wameichunguza kwa sababu hiyo. Lakini kila kifaa cha njiani hula sehemu yake: chombo cha kuvunjia hupata joto bure, na jenereta hupoteza sehemu kubwa ya moto wake. Bila mita mbili, moja ya kupimia kiingiacho na moja ya kupimia kitokacho, mtu hawezi kusema kwamba amepata nguvu. Aweza kusema tu kwamba amewasha mtambo.

Je, wasichana wale walikosea kuonyesha? La, hasha. Walifanya lile walilopaswa kulifanya: walibuni, wakaunda, wakatia hata vifaa vya kuzuia hatari, wakasimama mbele ya watu wakiwa na umri ambao wengine huogopa hata kusoma kwa sauti darasani. Waliokosa ni watu wazima waliopiga picha wakasifu bila kuuliza. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na mvumbuzi akisifiwa bila kuulizwa, hunyimwa kitu alichokuja kukitafuta. Sifa ile ilivuma kwa siku chache ikapita. Swali la mita mbili lingeweza kuwatumikia maisha yao yote.

Nami nimeona kwa macho yangu jinsi swali linavyofanya kazi. Katika maonyesho ya sayansi ya shule za upili za wilaya fulani, mvulana mmoja alileta sanduku la kuangulia mayai. Alikuwa amelitengeneza kwa mbao na pumba, likapashwa moto kwa taa ya mafuta, na ndani yake mlikuwa na kipimajoto kilichosoma nyuzi 37 na nusu. Chati zake zilikuwa safi. Waamuzi walifika, wakamwuliza habari za joto, akawajibu vizuri, wakaandika, wakaenda zao. Kwa unyofu alikuwa amewaambia kwamba katika mayai 24 yalianguliwa 5 tu, na kwamba anashuku taa.

Baadaye alikuja mama mmoja mzee, aliyevaa leso, ambaye nadhani alikuwa amemsindikiza mjukuu wake. Mvulana alimwamkia, "Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mjukuu wangu," alijibu, akainama akachungulia sandukuni kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na mayai haya huyageuza nani?"

Mvulana hakuelewa.

"Kuku alaliapo mayai," akasema mama yule, "hayaachi yakatulia. Huyageuza kwa mdomo mchana na usiku. Ndani ya sanduku lako, kuku ni nani?"

Mvulana alinyamaza. Alikuwa amesoma kitabuni habari za joto na za siku 21, lakini jambo hili alikuwa amelipita. Yai lisipogeuzwa, kifaranga kinachokua humo huweza kunatana na utando wa ganda, akafa kabla ya siku yake. Hakupata zawadi siku ile, na waamuzi hawakurudi kwenye meza yake. Nilichokiona ni kwamba alitoa penseli, akapindua ile chati yake safi, na nyuma yake akaanza kuandika huku akimwuliza yule mama: mara ngapi kwa siku, na je, siku za mwisho pia?

Katika nchi yetu shule za upili zimekuwa na mashindano ya sayansi kwa miaka mingi, yaliyojulikana kwa muda mrefu kwa jina la Kongamano la Sayansi la Kenya, yanayoanzia shuleni na kupanda ngazi hata kufikia taifa zima. Huenda wewe utasimama huko mwaka huu, au utakwenda kutazama. Kwa hiyo nitamaliza kwa kukupa maneno machache ya safari.

Ukienda kuonyesha, usilete kitu usichoweza kukifungua mbele ya watu. Kazi aliyokutengenezea mjomba wako fundi itakuaibisha kwenye swali la pili. Lete pia vilivyoharibika: gurudumu la kwanza lililopinda litamfundisha mgeni zaidi ya la tatu linalozunguka. Pima, uandike ulivyopima. Ukiulizwa usilolijua, sema, "Hilo sijalijua," kisha liandike, maana ndiyo faida uliyoifuata. Usiwahesabu waamuzi peke yao kuwa wageni wako. Swali lifaalo laweza kuja kutoka kwa mtu asiye na kalamu wala cheo.

Na ukienda kutazama, usipite mbio kama mtu anayehesabu vibanda. Chagua meza tatu au nne, ukae. Usianze kwa kusema, "Nimekwisha kuona kilicho bora kuliko hiki." Anza kwa kuuliza kimefanywaje, kisha uliza ni wapi kilipomshinda mwenyewe, hapo utaona uso wake ukibadilika, kwa kuwa ni swali ambalo moyo wake umelingojea. Ukiwa na jambo unalolijua, kama yule mama alivyojua habari za kuku, usirudi nalo nyumbani kwa kuona haya. Na ukichukua wazo la mtu, litaje jina lake utakapolitumia.

Ile methali ya wazee itabaki kuwa kweli sokoni. Lakini Ayesha asingewashwa moto mbele ya watu, wataalamu wangeendelea kusema kwamba haiwezekani. Na kufuli ya Bramah isingejaribiwa, ingali inasifiwa dirishani. Chema nacho huhitaji siku yake ya kutolewa mezani, mwenyewe akasimama kando, akangoja kuulizwa.